Utatuzi wa Matatizo katika Kupokea Milipuko ya Redio ya Jua: Maelezo kutoka Paa Moja la Kisumu

Maelezo haya yanawalenga walimu, wanafunzi na mafundi wa Kisumu na magharibi mwa Kenya kwa jumla ambao wameweka antena ya kupokea mawimbi ya redio yanayotoka kwenye Jua, kisha wakaona kwenye kompyuta yao mambo wasiyoyaelewa. Kituo ninachokitunza kiko juu ya paa la jengo la orofa mbili linalotazama uwanda wa Kano, nacho kina vyombo viwili. Cha kwanza ni kipokezi cha CALLISTO, kilichobuniwa katika chuo kikuu cha ETH Zurich nchini Uswisi, ambacho husoma masafa kati ya megahezi 45 na 870 kwa kupitia chaneli 200 mara nne kila sekunde. Cha pili ni dishi la televisheni la sentimita 90 ambalo tumeligeuza lipime mawimbi ya maikrowevu ya karibu gigahezi 11. Hitilafu za vyombo hivi viwili hazifanani, kwa hiyo dishi nimeliweka peke yake mwishoni.

Sehemu kubwa ya muda wetu hutumika kuthibitisha kwamba alama iliyoonekana haikutoka hapa duniani. Anayeanza huona jambo hilo linachosha. Mimi naliona ndilo kiini cha kazi yenyewe, kwa sababu hata ugunduzi wa mawimbi haya ulitokana na utatuzi wa tatizo: mwishoni mwa Februari 1942 rada za jeshi la Uingereza zilizotumia mawimbi ya mita 4 hadi 6 zilijaa makelele, ikadhaniwa ni hila ya Wajerumani, mpaka James Stanley Hey alipolinganisha ripoti za vituo mbalimbali na kubaini kwamba mwelekeo wa makelele hayo ulikuwa ukilifuata Jua, ambalo siku hizo lilikuwa na kundi kubwa la madoa.

Umbo la mlipuko wa kweli

Hewa ya nje ya Jua, yaani korona, ina elektroni nyingi karibu na uso na chache kadiri unavyopanda. Kila mahali pana masafa yake ya asili, yanayotegemea kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni hizo, kwa hiyo kitu kinachosafiri kutoka chini kwenda juu huamsha kwanza masafa ya juu na baadaye ya chini. Hiyo ndiyo sababu mlipuko wa kweli kwa kawaida huteremka kwenye picha ya kompyuta, ambayo muda wake huenda kwa mlalo na masafa kwa wima. Mwaka 1950, Paul Wild na Lindsay McCready wa Australia waliigawa milipuko hiyo katika aina tatu, na nyingine mbili zikaongezwa baadaye. Aina ya tatu hutokana na elektroni zinazokimbia kwa takriban theluthi ya kasi ya mwanga. Huteremka makumi ya megahezi kwa sekunde na kwisha ndani ya sekunde chache. Aina ya pili hutokana na wimbi la mshtuko linalokwenda mamia ya kilomita kwa sekunde au zaidi. Huteremka taratibu, chini ya megahezi moja kwa sekunde, na mara nyingi huonyesha michirizi miwili, mmoja ukiwa na masafa takriban mara mbili ya mwenzake. Aina ya nne ni wingu pana linaloweza kudumu saa nzima au zaidi, na aina ya kwanza ni mvumo wa vijidoa vingi unaoweza kuendelea kwa siku kadhaa.

Kabla ya kusema kwamba mchirizi wako unapanda badala ya kuteremka, soma namba za mhimili wa masafa. Programu nyingine huweka masafa ya chini juu ya picha, na nimewaona watu wazima wakibishana jioni nzima juu ya picha iliyopinduliwa.

Dalili: mistari ya wima inayokata masafa mengi kwa wakati mmoja

Mstari usioinama hata kidogo haukutoka kwenye korona. Hapa kwetu chanzo cha kwanza cha kushuku ni radi, kwa sababu bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani: alasiri mawingu hujikusanya juu ya Nandi na Kericho na kuteremka kuelekea ziwani, na usiku ngurumo huhamia juu ya ziwa lenyewe. Kwa kuwa CALLISTO hupitia chaneli moja baada ya nyingine, na kila pigo la radi ni la muda mfupi sana, radi haiandiki mstari kamili bali safu ya nukta zilizokatikakatika, na nukta hizo huwa kali zaidi kwenye masafa ya chini. Washa redio ndogo ya betri kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na stesheni, uiweke kando ya kompyuta. Ikiwa mkwaruzo wa redio unakwenda sambamba na nukta zako, huna haja ya kutafuta zaidi; chomoa antena, kwa sababu mvua iko karibu.

Kama mbingu ni safi, angalia chini barabarani. Pikipiki ya bodaboda yenye plagi isiyo na kizuizi huandika mistari iliyopangana kwa nafasi sawa, ambayo husogeleana dereva anapovuta mafuta. Mashine ya kuchomelea vyuma huandika mafungu ya sekunde chache chache, huanza mafundi wa jua kali wanapofungua asubuhi, na husimama saa saba wanapokwenda kula. Weka daftari la mambo ya mtaani kando ya daftari la Jua. Wiki moja inatosha kuijua ratiba ya jirani zako.

Dalili: mistari ya mlalo isiyosogea

Hii ni mitambo ya watu, nayo ina makazi yake yanayojulikana: stesheni za FM kati ya megahezi 88 na 108, mazungumzo ya ndege kati ya 118 na 137, satelaiti za kijeshi kati ya 240 na 270, televisheni ya kidijitali kutoka 470 hadi 694, na simu za mkononi karibu na 800 na 900. Mistari hiyo yenyewe haina madhara; unaiepuka tu unapochagua chaneli.

Madhara huja pale stesheni ya FM yenye nguvu inapokijaza kipokezi hadi kikaanza kutunga mistari ambayo haipo hewani. Utaitambua hali hiyo kwa kipunguza nguvu cha desibeli 10 ukikiweka kabla ya kikuza mawimbi: mstari wa kweli hushuka desibeli 10, lakini ule uliotungwa ndani hushuka 20 au 30. Dawa yake ni kichujio cha FM, nacho lazima kikae kati ya antena na kikuza mawimbi. Ukikiweka baada ya kikuza mawimbi hakisaidii, kwa sababu uharibifu umeshatokea.

Kuna mstari mmoja wa hatari zaidi, yaani mwembamba unaotambaa polepole kwa dakika au saa kadhaa na kumfanya mgeni adhani ameona aina ya pili. Aghalabu hiyo ni busta ya antena ya televisheni ya jirani iliyoharibika na kuanza kutoa mawimbi yenyewe, na mstari wake huhama kadiri paa linavyopata joto. Subiri giza. Kama bado upo saa tatu usiku, haukutoka kwenye Jua.

Dalili: makelele yanayopanda asubuhi na kushuka jioni

Nitakaa hapa zaidi kidogo, kwa sababu kosa hili lilitugharimu karibu wiki mbili. Kila siku, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, masafa ya chini ya megahezi 150 yalijaa vijidoa, yakaendelea hivyo mchana kutwa, na jioni yakanyamaza. Tulikuwa tumesoma kwamba aina ya kwanza hudumu siku nyingi na huonekana wakati Jua liko juu ya upeo, na kipimo cha usiku, ambacho ndicho nilichozoea kukitegemea, kilitupa jibu tulilolitaka. Tukaandika kwenye daftari: mvumo wa Jua, aina ya kwanza.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyeuliza kwa nini mvumo ulipungua kila wingu lilipopita. Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Mawimbi ya urefu wa mita hayazuiwi na mawingu. Mlipuko wa kweli wa megahezi 100 hufika vilevile mvua ikinyesha. Kitu kinachofuata jua na pia kinaogopa wingu ni paneli ya sola. Tulichukua redio ndogo, tukaizungusha huku na huku, na mkwaruzo ukatupeleka kwenye nyumba ya pili kutoka kwetu, ya Mzee mmoja anayefuga kuku na aliyekuwa amefunga kidhibiti kipya cha kuchaji betri. Nilimweleza shida yetu na kumwomba akizime kwa dakika kumi.

"Zima, mwanangu," alisema, "lakini vifaranga wangu wasilale gizani."

Kilipozimwa, picha yetu ilisafika papo hapo, na kilipowashwa vijidoa vikarudi. Hatukumwomba Mzee abadilishe kifaa chake. Tulisokota pamoja waya mbili zinazotoka kwenye paneli ili uwanja wa mmoja uufute wa mwenzake, tukazipitisha mara kadhaa ndani ya vizingo vya feraiti (pete zinazozuia makelele ya redio) pande zote mbili za kidhibiti, na antena tukaihamishia upande wa pili wa paa. Makelele hayakwisha kabisa, lakini yalipungua kiasi cha kutuacha tuendelee na kazi. Yale maandishi ya wiki mbili tuliyakata kwa kalamu nyekundu na kuyaacha yasomeke, ili anayekuja baada yetu aone tulivyokosea.

Chunguza kwa njia iyo hiyo taa za LED, chaja za simu za bei rahisi na inveta: zima swichi kuu ya jengo, acha kipokezi na kompyuta ya mkononi vitumie betri, kisha rudisha saketi moja moja. Chunguza pia waya wa ardhi. Udongo mweusi wa Kano hupasuka wakati wa kiangazi na kuachana na chuma kilichochomekwa, hivyo chombo kilichokuwa kimya Mei kinaweza kuvuma Januari bila chochote kingine kubadilika. Chomeka chuma kirefu zaidi, na umwagie maji mahali hapo msimu wa kiangazi.

Dalili: mlipuko umeonekana kwetu, wenzetu hawakuuona

Mlipuko wa Jua huonekana na upande wote wa dunia wenye mchana. Kama umeupata saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, basi Mauritius na India nako ni mchana, na vituo vya huko vilipaswa kuupata katika sekunde zilezile. Wasipokuwa nao, usikimbilie kusema kwamba antena yao ni dhaifu. Tazama saa yako kwanza.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake hapa. Tukio la saa 4:12 asubuhi kwa hesabu yetu ni 10:12 kwa saa ya kompyuta na 07:12 kwa saa ya dunia (UTC) inayotumiwa na vituo vyote. Yaani kutoka saa ya Kiswahili unaongeza 3, na kutoka saa ya kompyuta unapunguza 3. Tofauti ni ileile, lakini njia ni mbili zinazopingana, na daftari lililoandikwa na watu watatu huishia kuwa na hesabu zote tatu. Tumeweka sharti kwamba safu ya kwanza ya daftari ni saa ya dunia, na saa ya Kiswahili huandikwa kwa maneno katika safu ya maelezo: "saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi." Tangu tuanze kuandika kwa maneno, hakuna aliyechanganya tena.

Sababu ya pili ni betri ndogo ya ubao mkuu wa kompyuta. Ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi mwaka wa zamani, na faili za dakika 15 hupewa tarehe zisizo na maana. Sababu ya tatu ni saa inayoteleza sekunde chache kwa siku pasipo intaneti. Kwa aina ya tatu, ambayo maisha yake yote ni sekunde chache, mtelezo huo unatosha kuutenga mlipuko wako na wa wenzako. Ruhusu kompyuta isahihishe saa yake kwa mtandao, au kwa kipokezi cha GPS kama mtandao ni wa shida.

Dalili: kimya cha wiki nzima

Huenda Jua lenyewe limenyamaza. Mzunguko wake ni wa takriban miaka 11. Kimya kikuu cha mwisho kilikuwa Desemba 2019, na mwaka 2024 lilikuwa limefika kwenye kilele. Kipimo kizuri ni nguvu ya mawimbi ya sentimita 10.7, ambayo Kanada imekuwa ikiipima tangu 1947 na kuitangaza kila siku. Ikiwa inakaribia vizio 70, kimya chako ni cha kawaida. Ikiwa ni 200 nawe hujapata hata aina ya tatu moja kwa wiki, shuku chombo.

Chomoa kebo ya antena kwenye kipokezi na uweke mahali pake kizibo cha ohm 50, ambacho hakipokei mawimbi. Kiwango cha makelele kinapaswa kushuka waziwazi. Kisiposhuka, maana yake tangu mwanzo hakukuwa na kitu kinachofika kutoka juu. Pima volti zinazopanda kwenye kikuza mawimbi, kisha panda paani ukafungue viungio. Kiungio chetu kilichotuangusha kilionekana kizima kabisa kwa nje. Nilipokifungua, tone la maji lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya waya wa katikati, na wavu wa shaba uliopaswa kung'aa ulikuwa umefunikwa na unga wa kijani uliobaki kwenye vidole vyangu. Maji yalikuwa yamesafiri ndani ya kebo zaidi ya mita moja, kwa hiyo kukata ncha pekee hakukutosha. Siku hizi kila kiungio cha nje tunakizungushia utepe wa mpira unaojigandisha, na chini yake tunaiacha kebo ijipinde ili mvua idondokee kwenye pindo badala ya kuingia.

Mwenye kipokezi kidogo cha USB cha RTL-SDR ana sababu nyingine. Chombo hicho huona takriban megahezi 2.4 tu kwa wakati mmoja, na ukikilazimisha kupitia mamia ya megahezi kitachukua sekunde nyingi kurudi kilipoanzia, huku aina ya tatu ikipita katikati. Kiache mahali pamoja, kwenye pengo lililo kimya, ukubali kuuona mlipuko kama mwinuko tu usio na umbo.

Dishi na mawimbi ya maikrowevu

Milipuko ya maikrowevu hutoka chini zaidi, ambako elektroni zenye nguvu huzunguka katika sumaku ya Jua, na mara nyingi kilele chake kiko kwenye gigahezi 5 hadi 10. Mihimili ya dishi la sentimita 90 ina upana wa karibu digrii 2, Jua lina nusu digrii, na anga husogea digrii moja kila dakika nne. Kwa hiyo dishi lisilotembea likilengwa vizuri huandika kilima laini cha takriban dakika nane. Kilima kisipoonekana, tatizo ni mwelekeo. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba una kipimo cha bure: madishi ya Kisumu yanayolenga satelaiti za digrii 36 mashariki yanatazama karibu wima, na siku hizo Jua hupita nyuma ya satelaiti karibu na saa sita na nusu mchana na kuzikatiza picha kwa dakika chache.

Kwa dishi lenye mota ya kulifuata Jua, Jua likipotea polepole mchana ilhali mota inafanya kazi, kagua mlalo wa ekseli. Michoro mingi imetoka Ulaya, ambako ekseli inayofuata Jua huinuliwa digrii 45 au zaidi. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, hivyo ekseli yetu inapaswa kulala mlalo, kusini kwa kaskazini. Tuliinakili michoro jinsi ilivyokuwa, na dishi letu lilikuwa likiliaga Jua kila baada ya nusu saa.

Nguvu ikipungua alasiri huku anga ikiwa nyeusi upande wa Nandi, ni wingu. Masafa haya, tofauti na yale ya mita, hunyonywa na maji. Ngazi ya ghafla inayobaki juu au chini kwa kawaida ni volti za kichwa cha dishi (LNB), yaani kile kipokezi kilicho mbele ya dishi: 13 huchagua upande mmoja wa mawimbi na 18 mwingine, na inveta inayoyumba inaweza kukivusha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kupanda na kushuka kwa saa nyingi ni joto la kichwa chenyewe, na kivuli cha bati jeupe hupunguza. Na kama nguvu imekuwa ikififia wiki baada ya wiki, chungulia mdomo wa kichwa. Kifuniko cha plastiki cha kwetu kilikuwa kimepasuka, na nyigu alikuwa amejenga ndani vyumba vinne vya udongo, kimoja bado kibichi.

Ukishapitia haya yote na alama bado imesimama, imeinama inavyopaswa, iko mchana, na Mauritius wanayo katika sekunde hizohizo, usiguse kitu. Usibadilishe nguvu ya kipokezi, usigeuze antena, hata kama picha imejaa hadi ukingoni. Tarehe 6 Desemba 2006 mlipuko mmoja ulivuruga vipokezi vya GPS katika upande wote wa dunia uliokuwa na mchana, na tarehe 4 Novemba 2015 mwingine uliziharibia kazi rada za ndege nchini Sweden. Milipuko mikubwa ya namna hiyo inaweza kwenda kwa awamu kadhaa, na aina ya nne mara nyingi hufuata baada ya aina ya pili. Andika saa ya dunia ilipoanza, hali ya mawingu, nani alikuwa chumbani na vyombo gani vilikuwa vimewashwa, kisha acha kipokezi kiendelee mpaka jua litakapotua.